Mjomba wa Gare, Mtunza Amana

Maneno ya katekista kwa kumkumbuka marehemu wetu, katika sikukuu ya Yubilei ya parokia, Katoto – Kamina



Kamati ya Yubilei imeniomba niseme maneno juu ya marehemu mmoja wa parokia hii. Katika sikukuu kama hii tunasoma majina ya Maaskofu waliotuongoza, ya mapadri wa Mtakatifu Fransisko waliotuletea Evanjili, ya masista waliofundisha mama zetu kushona na kulea watoto. Ni haki na ni vema kufanya hivyo. Lakini Eklezia haikujengwa na wale tu ambao picha zao zimetundikwa ukutani. Kuna watu waliopita katikati yetu bila cheo, tena tukiwaondoa katika habari ya parokia, ukuta mzima unaanguka. Mmoja wa watu hao ni yule tuliyemwita sisi sote Mjomba wa Gare.

Jina lake la kweli limeandikwa katika kitabu cha ubatizo na katika kitabu cha wafu, na Mungu analijua. Leo sitalitaja, kwani yeye mwenyewe hakupenda kusimamishwa mbele ya watu. Nitamwita jinsi mlivyomwita ninyi, mlipompigia hodi usiku.

Mimi ni mpwa wake kwa damu, maana alikuwa kaka ya mama yangu aliyenizaa. Ninyi mlikuwako kwenye kilio chake, mkaona na kusikia. Siku ile mzee wa ukoo aliomba wapwa wa marehemu wasimame upande wa kuume, wapate kupewa kazi ya kubeba sanduku. Nilisimama, nikidhani tutakuwa watu sita au saba. Nilipogeuka, niliona nyuma yangu uwanja umejaa. Walisimama Waluba wa hapa kwetu, walisimama Warund, Wasanga, Wahemba na Watshokwe, akasimama hata kijana mmoja wa Kasai aliyesoma hapa. Mzee aliuliza, «Je, ninyi nyote mna mama mmoja?» Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeketi.

Basi, ndugu wapenzi, swali la mzee yule ndilo nataka kulijibu leo. Mtu mmoja anapataje wapwa wengi hivi, naye hakuwa tajiri, hakuwa shefu, hakuwa mwenye masomo makubwa? Jibu langu ni moja tu. Mjomba wa Gare alijua kulinda kitu kisicho chake. Katika seminari ndogo tulifundishwa neno la Kilatini, depositum, maana yake ni amana, yaani kitu ambacho mwenzako anakiacha mikononi mwako hata atakaporudi. Mtume Paulo, anapomwandikia Timoteo barua ya kwanza, anamwagiza ailinde vema amana aliyopewa. Naye Bwana wetu, katika Evanjili ya Luka, sura ya 16, anatupima kwa jinsi tunavyotunza mali ya mwingine. Mjomba hakusoma Kilatini, lakini neno hilo alilitenda kwa maisha yake yote.

Kwanza niseme juu ya kazi yake, maana pale ndipo alipojifunza. Ninyi vijana mnaona reli kama kitu cha zamani tu, wakati sisi wa Kamina tulizaliwa na reli. Njia ya gari la moshi kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Kisha kampuni ya BCK iliiongeza, ikapita Kamina na Kaniama, ikaendelea katika Kasai hata Port-Francqui, panapoitwa leo Ilebo, mwaka 1928. Mwaka 1956 ilifunguliwa njia nyingine kutoka Kamina kwenda Kabalo. Kwa hiyo mji wetu ukawa njia panda: huku ni Lubumbashi, huku ni Kasai, huku ni upande wa ziwa Tanganyika. Watu wa kila kabila walishuka hapa na masanduku yao, wengine wakapata kazi, wakajenga, wakazaa. Mwaka 2015, Kamina ilipokuwa mji mkuu wa provinsi ya Haut-Lomami, tulifurahi kama watu waliopewa kitu kipya. Lakini wazee walikwisha kujua kwamba ni reli iliyotufanya kuwa mji.

Baba yake Mjomba alikuja Kamina na kazi ya reli. Yeye mwenyewe aliingia kazini angali kijana, miaka ile ya kwanza baada ya uhuru wa 1960. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia ili gari lipite upande unaotakiwa, na baadaye alipewa pia kulinda ghala ya mizigo. Jina la kampuni lilibadilika. BCK ikawa KDL, mwaka 1974 ikawa SNCZ, halafu ikawa SNCC. Yeye hakubadilika. Alizoea kutuambia, «Mimi sijawahi kumiliki hata gunia moja katika ghala ile. Ndiyo maana nilazimika kuyahesabu yote kila jioni. Kitu chako mwenyewe unaweza kukisahau, cha mwenzako hapana.»

Msidhani kwamba ninamchonga kama sanamu ya mtakatifu. Wengi wenu mtacheka mkikumbuka jinsi alivyoimba: sauti yake ilikwenda njia yake peke yake, na mwalimu wa kwaya alimwomba zaidi ya mara moja asimame karibu na mlango. Alivuta tumbako kupita kiasi. Alikuwa mwepesi wa hasira, hasa mtu akigusa habari ya mpira. Mwaka 1967 na mwaka 1968, Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni Tout Puissant Mazembe, ilipochukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, yeye alikuwa kijana mwenye radio ndogo. Tangu siku zile hakukubali kwamba kuna timu nyingine duniani. Aligombana na rafiki zake juu ya mpira jioni, na asubuhi alikwenda kuwapelekea muhogo. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa nitawaeleza amana tatu alizozilinda, na ninyi mtapima.

Amana ya kwanza ilikuwa majina. Wazee wanakumbuka mwaka 1972, wakati wa siasa ya otantisite. Leta ilikataza majina ya kikristu. Kardinali Malula alipata mateso na kukaa Roma kwa muda kwa sababu ya mambo hayo. Kila mtu alipaswa kuitwa kwa majina ya wazee wake tu, na katika vitambulisho jina la mtakatifu halikuandikwa. Mjomba hakuchukia majina ya wazee. Alikuwa na lake, tena alilipenda. Lakini alinunua daftari la masomo, lile la kurasa mia, akaanza kuandika kila mtoto aliyebatizwa katika mtaa wetu. Upande wa kushoto aliandika jina la ukoo, upande wa kuume jina la ubatizo, chini yake majina ya baba, mama na msimamizi wa ubatizo. Watu wa reli walihamishwa kila mara, leo Kamina, kesho Kabalo au Mwene-Ditu, na yeye aliogopa kwamba watoto watakua bila kujua jina ambalo Eklezia iliwapa mbele ya maji. Mtu alipomuuliza kwa nini anajisumbua, alijibu, «Jina hili si langu wala si la Leta. Limewekwa kwangu tu.»

Mwaka 1974 sikukuu ya Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko ya taifa, na mwishoni mwa mwaka ule ule shule zetu zilichukuliwa na serikali, hata ziliporudishwa chini ya uongozi wa Eklezia kwa mapatano ya mwaka 1977. Katika miaka ile, tarehe 25 Desemba ilikuwa siku ya kazi kama siku zingine. Wenzake wa zamani wa kazini wananihakikishia kwamba Mjomba alijitolea kushika zamu ya Noeli ili wale wenye watoto wadogo waende Misa. Yeye alisali rozari karibu na reli, akisikia kengele ya kanisa kwa mbali. Mwaka 1990, chama kimoja kilipokoma na watu wakaanza tena kuitwa hadharani kwa majina ya ubatizo, vijana wengi waliokwisha kuwa baba na mama walikuja kwake kuuliza, «Mjomba, mimi naitwa nani?» Naye alilileta daftari, akatia miwani, akasoma polepole.

Amana ya pili ni ngumu kusemwa, lakini Yubilei si wakati wa kufunika mambo. Katika Biblia, Yubilei ni mwaka wa kurudishiana mali, kama tunavyosoma katika kitabu cha Walawi, sura ya 25. Basi nitasema. Mwaka 1992 na mwaka 1993, katika provinsi iliyoitwa Shaba wakati ule, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengi walizaliwa huku, baba zao walizikwa huku. Katika gare za Likasi na Kolwezi makumi ya maelfu ya watu walilala nje, wiki baada ya wiki, wakingojea gari la moshi la kuwarudisha katika nchi ambayo watoto wao hawakuijua. Wengi walikufa pale na njiani, watoto hasa. Magari yale yalipita hapa Kamina, kwani hakuna reli nyingine ya kwenda Kasai. Watu walikuwa wamejaa katika mabehewa ya mizigo.

Siku zile kumpa Mkasai maji ilikuwa kujitafutia maneno mabaya. Mjomba alikuwa Mluba wa Katanga, mtoto wa hapa hapa. Alichukua ndoo, akawaita mama wa shirika letu, wakachota maji na kupika bukari, wakasimama karibu na mabehewa. Kijana mmoja alimpigia kelele kwamba anawalisha adui. Mjomba alimjibu bila kupandisha sauti, «Mimi nimelinda mizigo ya watu miaka yote hii. Leo gari limebeba watu, nawe unataka niangalie pembeni?» Kisha akaendelea kugawa maji.

Alikuwa na rafiki mmoja Mkasai, mfanyakazi mwenzake wa reli, ambaye jioni alishona nguo ili kulisha watoto wake. Huku kwetu pia woga uliingia katika nyumba, na yule rafiki akaamua kuondoka na jamaa yake. Usiku ule alimletea Mjomba mashine yake ya kushona, Singer ya zamani yenye gurudumu la chuma, akasema, «Yaya, behewa halina nafasi, na njiani wataninyang'anya.» Mjomba akajibu, «Iache. Ukirudi utaikuta. Usiporudi, mtoto wako ataikuta.»

Miaka ilipita. Mnakumbuka jinsi fedha ilivyokufa wakati ule, hata mtu alikwenda sokoni na mfuko wa noti, akarudi na kopo la unga. Zaire mpya iliyotolewa Oktoba 1993 nayo haikutuokoa. Katika taabu ile mke wa Mjomba aliugua sana, akahitaji dawa za bei kubwa. Fundi mmoja wa nguo alikuja nyumbani, akaiona mashine, akatoa bei nzuri. Jamaa walimshauri Mjomba aiuze, wakisema rafiki yake amekwisha kufa, au amekwisha kusahau. Hata mama mgonjwa, kitandani pake, alimwambia auze. Mjomba hakulala usiku ule. Asubuhi alitoka na kinga yake, ile aliyoendea kazini kila siku, akaiuza kwa bei ya chini, akanunua dawa. Kuanzia siku hiyo alikwenda kazini kwa miguu hata alipopumzishwa. Mama alipona. Aliniambia mwenyewe kwamba alimkasirikia mume wake mwezi mzima, na kwamba baadaye alipoiona ile mashine aliona haya kuifuta vumbi, kwa hiyo aliifuta kila Jumamosi.

Vita ya 1998 hata 2003 ilikwisha, njia zikafunguka kidogo kidogo. Siku moja kijana alishuka kutoka gari la Mwene-Ditu, akauliza katika gare nyumba ya Mjomba. Alikuwa mtoto wa yule rafiki. Baba yake alikuwa amekufa, lakini kabla ya kufa alimwambia mahali ilipo mashine. Kijana hakutumaini, alikuja, alisema, ili roho yake itulie. Mjomba alifunua shuka, akazungusha gurudumu, nalo likazunguka bila kelele, maana alikuwa amelitia mafuta kwa miaka kumi. Chini ya sindano kilikuwamo bado kipande cha nguo ambacho baba yake alianza kushona bila kukimaliza. Kijana akaweka kichwa chake juu ya mashine, akalia. Wapendwa, kitambaa kilichotandikwa leo juu ya altare, ambacho Baba Paroko amekibusu mbele yenu, kilishonwa na kijana yule kwa mashine ile. Alikileta mwenyewe kwa Misa ya siku arobaini ya Mjomba.

Amana ya tatu ni nyumba za wajane. Mnajua desturi mbaya iliyoingia kwetu: mume akifa, kabla udongo haujakauka, ndugu wanafika kuchukua vitanda, mabati na funguo, na mama anatolewa nje pamoja na watoto wake. Wengine wanasema hiyo ni desturi ya wazee. Mjomba alikataa. Alisema kwamba wazee walimtunza mjane, na kwamba wanaomfukuza wanatumia jina la wazee kufunika tamaa yao. Tena alijua sheria. Mtu mmoja wa baraza alikuwa amemweleza Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016: watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na mke aliyebaki ana haki ya kuitumia nyumba aliyokaa na mume wake, pamoja na vyombo vyake. Wajomba na ndugu wa mbali wanakuja nyuma kabisa.

Basi kila kilio kilipotokea katika shirika letu, Mjomba alikwenda na kiti chake, akaketi mlangoni pa nyumba, mchana na usiku, mpaka jamaa walipotawanyika. Hakupigana na mtu. Aliwasalimu wote, aliomba maji, aliuliza habari za safari. Lakini mwenye kutaka kutoa kitanda alipaswa kumwomba Mjomba asogeze kiti, na wengi walishindwa kusema neno hilo. Wajane wanne walio hapa mbele yangu leo wanakaa katika nyumba zao kwa sababu ya kiti kile.

Kisha alikufa yeye. Siku ya tatu ya kilio, ndugu mmoja wa ukoo, aliyetoka mbali, aliuliza funguo za nyumba. Kukawa kimya. Sisi wapwa tulitazamana. Wakati ule ule, mama mmoja kati ya wale wajane wanne aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti cha Mjomba, akakiweka mlangoni, akaketi. Wa pili akaleta mkeka, akaketi karibu yake. Hawakusema kitu. Yule ndugu alikuwa mtu mwenye akili. Aliwatazama, akatoa kofia, akamwendea mjane wa Mjomba, akampa mkono wa pole. Hatukusikia tena habari ya funguo. Mama yetu yuko katika nyumba yake hata leo, na leo yuko kati yetu.

Ndugu wapenzi, tunajifunza nini? Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika nchi yetu mwaka 1933, alikaa na Waluba wa Katanga akawasikiliza. Katika kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville mwaka 1945, alieleza kwamba kwetu muntu hayuko peke yake kamwe. Uzima wake unaongezeka au unapunguka kadiri anavyoungana na wengine, walio hai na waliokufa. Wenye elimu wamebishana sana na kitabu hicho, na wana haki yao. Mimi mwalimu wa dini wa Katoto nasema tu kwamba niliyaona mambo hayo kwa macho. Mjomba alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na uzima wake ulifika mpaka Mwene-Ditu.

Lakini sisi Wakristu tunasema neno zaidi. Tunasema kwamba uzima ule haukukoma kaburini. Tangu zamani Eklezia inawaombea marehemu. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinaonyesha Yuda akikusanya sadaka kwa ajili ya wale waliokufa vitani. Na katika Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, mwanzo wa Misa tunawaita watakatifu, halafu tunawaita pia wazee wetu waliotangulia, wale waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Papa Fransisko aliongoza Misa kwa utaratibu huo katika Basilika ya Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Kwa hiyo tunapowataja wazee wetu mbele ya altare, hatufanyi jambo la gizani. Si juu yetu kusema Mjomba yuko wapi. Hukumu ni ya Mungu peke yake. Kazi yetu ni kumwombea kama mtu aliyekuwa na tumbako yake na hasira zake, na kutumaini kwamba yule aliyelinda amana za watu hatakosa kulindwa.

Namaliza kwa ombi, maana hotuba isiyoomba kitu inasahauliwa kabla ya chakula. Nimesema juu ya daftari la majina. Miaka ya mwisho Mjomba aliongeza sehemu ya pili, ambayo wengi hamkuijua. Aliandika humo wafu wa mtaa wetu, hata wale wasio na jamaa hapa: wapitanjia waliokufa katika gare, watoto wachanga, wazee waliokuja na vita na ambao hatukujua ukoo wao. Kila mwaka tarehe 2 Novemba alimpa Baba Padri karatasi ya majina hayo. Pale aliposhindwa kujua jina, aliandika: «Mtoto wa kike, alishuka na gari la Bukama.» Daftari hilo mjane wake amelikabidhi kwa parokia wiki hii. Kurasa nane bado ni nyeupe.

Naomba basi, kama zawadi ya Yubilei, kila shirika lichague mtu mmoja wa kuandika. Mtu huyo asiwe mwenye maandishi mazuri tu. Awe mtu anayepigiwa hodi usiku. Aandike watoto wanaobatizwa, aandike wafu, tena kilio kikitokea, achukue kiti aende mlangoni. Ninyi mababa wa ukoo, mkisikia ndugu yenu amekufa, mfike na chakula mkononi na mwache mifuko nyumbani. Nanyi vijana, ikiwa mwenzenu wa kabila lingine amewaachia kitu, hata kama ni siri tu, kilindeni. Na siku watu watakapoanza tena kusema kwamba huyu ni wa hapa na yule si wa hapa, kumbukeni ndoo ya maji.

Baba Paroko, nimeomba ruhusa yako, nawe umeikubali: baada ya sala ya komunyo, mjane wa marehemu ataandika mwenyewe jina la mume wake katika ukurasa wa kwanza uliobaki, kisha litasomwa mbele ya altare pamoja na majina ya wafu wote wa parokia tangu mwanzo wake.

Kama alivyosema yeye akiagana na wageni: Wafwako. Mungu awape marehemu wetu pumziko la milele, na mwanga wa milele uwaangazie.

Tumsifu Yesu Kristu!